Jino Lililofichama na Haki ya Mwenye Kinywa

Kinywa cha mtu ni mlango wa siri nyingi. Kwa kinywa mtu hula, husema, hucheka na huomba; na atakapo kuficha jambo hukifumba. Walakini liko jambo moja la kinywani ambalo mwenyewe hawezi kulificha wala kulifichua, kwa sababu yeye mwenyewe halijui. Jambo hilo ni jino lililokwama ndani ya taya: jino lililoumbwa likatimia, likapata taji na mizizi, lakini halikupata njia ya kutokea, likalala chini ya ufizi kama mbegu iliyoangukia chini ya jiwe. Mtu aweza kuishi na jino la namna hiyo miaka hamsini asijue kuwa analo. Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata; lakini katika mtungi huu kata haifiki. Kinachofika ni mwali usioonekana kwa macho, upitao nyama na kuacha kivuli cha mfupa, mwali tuuitao eksirei.

Insha hii yauliza swali moja. Tuseme kwamba mganga msomi ataka kujua ni watu wangapi wa Musoma, Bunda na Butiama walio na meno yaliyokwama, yamelala upande gani, na yanadhuru kiasi gani. Atakusanya picha za eksirei za vinywa vingi, atazitazama moja moja, atahesabu, atapanga, kisha atatoa maandishi. Je, yule ambaye kivuli cha taya lake kimehesabiwa ana haki gani juu ya hesabu hiyo? Alikwenda kutafuta dawa ya maumivu, naye bila ya kuondoka kitini amegeuka kuwa sehemu ya elimu. Ametoa zawadi? Ametoa mkopo? Au ameibiwa? Jibu nitakalolitetea ni kwamba hakuna hata moja katika hayo matatu. Ameweka amana. Na amana, tofauti na zawadi, haimilikiwi na aliyeipokea. Tofauti na mkopo, haitumiwi kwa faida ya mpokeaji peke yake. Na tofauti na kitu cha wizi, aliyeipokea aweza kuishika bila ya haya, maadamu anashika na masharti yake.

Kabla ya kuyataja masharti hayo, yafaa tukijue kitu tunachokizungumza. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, na manne katika hayo ni magego ya mwisho, moja katika kila pembe ya kinywa. Haya huchelewa. Wakati meno mengine yamekwisha kushika kazi zao tangu utotoni, gego la mwisho aghalabu hujitokeza baina ya miaka 17 na 25, na kwa watu wengine halijitokezi katu. Kwa hiyo wengi huliita jino la akili, kwa kuwa huja wakati ambapo mtu hudhaniwa kuwa amepata akili. Likifika likakuta nafasi imekwisha, hukwama. Laweza kuinama mbele likaliegemea gego jirani, laweza kuinama nyuma, laweza kusimama wima lisitoke, na laweza kulala kabisa kama gogo. George Winter wa Marekani aliyapanga malalo hayo mwaka 1926, na mpango wake ungali watumika. Mengine ya meno haya hukaa kimya maisha yote. Mengine huvimbisha ufizi, huozesha jino la jirani, au huzingirwa na uvimbe wenye maji ulao mfupa polepole. Uchunguzi mmoja uliojumlisha kazi nyingi za nchi mbalimbali, uliotangazwa mwaka 2016, ulikadiria kuwa karibu mtu mmoja katika kila wanne duniani ana gego la mwisho lililokwama. Hili si jambo la wachache.

Eksirei nayo ina historia ambayo ndani yake swali letu limekwisha kulala tangu siku ya kwanza. Wilhelm Röntgen aliugundua mwali huo Ujerumani mwezi wa Novemba 1895, na picha yake mashuhuri ya kwanza ya mwili wa mtu, ya Desemba mwaka ule, ilikuwa ya mkono wa mkewe, mifupa yake na pete yake. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata nakala za picha zilikwisha kupelekwa kwa wataalamu wa miji mingine. Hivyo kivuli cha kwanza kilitoka nyumbani, katika mkono wa mtu apendwaye, na baada ya siku chache kilikuwa mali ya macho ya ulimwengu. Röntgen hakutaka hataza ya ugunduzi wake. Aliuacha uwe wa watu wote. Mwezi wa Januari 1896 Otto Walkhoff, mganga wa meno, alipiga picha ya meno yake mwenyewe, akaukabili mwali kwa muda wa dakika 25. Na katika New Orleans, Edmund Kells, aliyekuwa miongoni mwa waganga wa kwanza wa Marekani kuitumia eksirei katika kazi ya meno, alikabili mwali huo mara nyingi kwa mikono yake mitupu. Mikono hiyo iliota saratani, akakatwa vidole na hatimaye mkono, akafa mwaka 1928. Watangulizi hawa walianza kwa miili yao wenyewe na ya watu wao. Sisi tulio nyuma yao twaanza kwa miili ya wengine, na hapo ndipo wajibu unapozidi kuwa mzito.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini basi tusiiache siri mahali pake? Jino halina hatia, limejilalia. Mchunguzi wa nini? Swali hilo lastahili jibu, maana ikiwa uchunguzi hauna haja, masharti yote ya amana ni maneno ya bure. Mimi naona haja tatu.

Ya kwanza ni ya chakula na taya. Wataalamu wengi hushikilia kwamba taya hukua kwa kazi, kama mkono wa mpiga kasia unavyokua kwa kupiga kasia. Mwaka 2011 Noreen von Cramon-Taubadel alilinganisha mafuvu ya watu wa jamii nyingi za dunia, akaona kuwa mataya ya wawindaji na waokota matunda ni marefu kuliko ya wakulima. Katika Mara wako mabibi waliokua kwa ugali wa mtama na muhogo, samaki wa kukaushwa na nyama ya kuchoma. Na wajukuu wao mjini Musoma wanakua kwa mkate laini, chipsi na soda. Je, taya la mjukuu limepungua ilhali idadi ya meno yake ni ile ile? Swali hili halijibiwi kwa kubahatisha.

Haja ya pili ni ya watoto. Tangu miaka ya 1980 imejulikana katika sehemu mbalimbali za Tanzania imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuhara ana meno ya plastiki, au meno ya nailoni kama wengine wayaitavyo. Kionekanacho katika ufizi wake ni uvimbe wa chonge la utoto ambalo halijaota, na uvimbe huo ni wa maumbile. Lakini huchimbuliwa kwa chombo kichafu, na wako watoto waliopoteza maisha kwa kutokwa na damu au kwa uchafu ulioingia jerahani. Aliyenusurika aweza kukua na pengo pasipo chonge, au chonge lake la ukubwani likaumbika vibaya au likapotea njia ndani ya taya. Mzazi amesahau, mtoto hakumbuki. Eksirei peke yake ndiyo inayokumbuka. Hesabu ya majeraha hayo ingekuwa hoja yenye nguvu kuliko hotuba mia.

Haja ya tatu ni ya haki yenyewe. Jino la akili huja karibu na umri ambao sheria humhesabu mtu kuwa mzima, na kwa hiyo limefanywa shahidi wa umri. Mchunguzi Demirjian na wenzake walitoa mwaka 1973 kipimo cha kujua umri wa mtoto kwa kukua kwa meno yake, na kipimo hicho kilitengenezwa kwa watoto wa Kanada wenye asili ya Kifaransa. Kimetumika tangu hapo katika mabara mengi. Lakini uchunguzi uliofanywa Kenya na kutangazwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba gego la mwisho huota mapema zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Waasia wa nchi ile ile. Basi ukimpima kijana wa Bunda kwa kigezo cha wasiofanana naye, waweza kumwita mzima naye bado ni mtoto. Kutochunguzwa, kwa hiyo, si usalama. Jamii ambayo haikuhesabiwa kwa hesabu yake hupimwa kwa hesabu ya wengine.

Kwa hiyo uchunguzi wafaa, na pengine ni wajibu. Sasa twaweza kuyataja masharti ya amana, nayo ni manne: isimdhuru mwenyewe, ipokewe kwa ridhaa, isisemewe uongo, na faida yake irudi.

Sharti la kwanza ni jepesi kulisema. Picha moja ya kinywa kizima huleta mionzi michache sana, kama ile ambayo kila mtu huipata kwa siku chache kutoka ardhini na angani pasipo kwenda hospitali. Hata hivyo uchache si utupu. Mgonjwa mwenye maumivu hulipwa kwa mionzi hiyo, kwa kuwa picha humwelekeza mganga wake. Mtu mzima wa afya anayeitwa kutoka barabarani akapigwe picha ili idadi itimie, halipwi kitu. Kanuni ya wataalamu wa mionzi ni kwamba kila picha iwe na sababu yake na kipimo chake kiwe kidogo kadiri iwezekanavyo. Na katika Tanzania Tume ya Nguvu za Atomu, chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayosimamia matumizi ya mionzi. Kwa hiyo mchunguzi mwema huanza na picha zilizokwisha kupigwa kwa sababu ya tiba. Lakini tazama jinsi mlango mmoja unavyofunguka mwingine unapofungwa: akiepuka kumdhuru mzima kwa picha mpya, hulazimika kutumia picha ya mgonjwa ambaye hakuambiwa kuwa itahesabiwa. Sharti la kwanza latusukuma moja kwa moja katika la pili.

Kiswahili chetu husema kwamba picha hupigwa. Neno hilo lina busara, kwa maana hutofautisha apigaye na apigwaye. Tuwakumbuke wale ambao vichwa vyao vilichukuliwa pasipo kuulizwa. Katika zama za utawala wa Kijerumani mafuvu zaidi ya 1,000 yalitolewa Afrika Mashariki yakapelekwa Berlin, yapimwe mataya, paji na meno. Fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 tu. Na mwaka 2023 uchunguzi wa chembe za urithi uliwatambua jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro. Waliopima walijiita watafuta elimu, na vipimo vyao vilikuwa sahihi mpaka sehemu ndogo ya inchi. Kosa lao halikuwa katika rula. Lilikuwa katika kudhani kwamba kichwa cha mtu, kikisha kuwa mbele ya mwenye elimu, hakina tena mwenyewe.

Tena watu wa Mara hawakuwa wageni wa kutoa habari kwa meno. Wajaluo walikuwa na desturi ya kung'oa meno sita ya chini ya mbele. Wazanaki walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya juu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichongwa meno yake kwa desturi hiyo, na ulimwengu mzima uliyaona kila alipocheka. Alama ile ilisema: huyu ni wetu. Twaweza kubishana kama mtoto aliyechongwa aliulizwa. Lakini alama yenyewe ilikuwa wazi kwa aliye nayo na kwa wamtazamao, na maana yake ilijulikana kijijini kabla ya kujulikana kwa mgeni. Kivuli cha eksirei ni kinyume chake. Maana yake yajulikana kwa mgeni kwanza, na mwenye taya huijua mwisho, au haijui abadani. Kwa hiyo ridhaa ni njia ya kumrudisha mwenye kinywa mahali pa kwanza.

Ridhaa hiyo ni ya namna gani? Ulimwengu wa tiba umejifunza kwa machungu: Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, na Azimio la Helsinki la mwaka 1964, yote yamesimama juu ya ridhaa ya mtu. Tanzania ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo huzihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zilizo nyeti. Sheria ni ukuta. Lakini ukuta hauna ulimi. Mzee wa Butiama aliyeketi na shavu limevimba hupewa karatasi, huonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba, naye huweka, kwa kuwa maumivu hayajadiliani. Je, ameridhia? Ameridhia kutibiwa. Ili aridhie kuhesabiwa lazima ajue kuhesabiwa ni nini. Na atajua kwa lugha, si kwa wino. Hapa sisi wanafunzi na waalimu wa Kiswahili hatuwezi kujitenga tukasema kwamba jambo hili ni la waganga. Mtu aliyeelezwa kwa maneno asiyoyaelewa hakuelezwa. Kueleza kwa Kiswahili safi, na kwa wazee kwa Kizanaki au Kijita, kwamba picha yako itatumika kwa haja ya pili, kwamba jina lako litaondolewa, na kwamba ukikataa utatibiwa vile vile, ni kazi ya fasihi kama ilivyo kazi ya tiba. Ridhaa mbili ziulizwe mbali mbali: moja ya dawa, moja ya elimu, na ile ya elimu isiulizwe wakati jino linapiga.

Na picha za zamani, ambazo wenyewe wametawanyika au wamekufa, tuzichome? La. Amana ambayo mwenyewe hapatikani haiharibiwi. Huwekwa chini ya wasimamizi. Kamati ya maadili na isimame badala ya wasiokuwepo, majina yafutwe, na matangazo yatolewe pale pale picha zilipopigwa, ili aliyebaki aweze kusema: yangu iondoeni.

Sharti la tatu ni kweli, nalo lasahauliwa kuliko mengine, kwa sababu watu hudhani kwamba hesabu haisemi uongo. Hebu tutazame neno wanalolipenda watafiti: jamii ya watu. Mkoa wa Mara ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni 2.3. Humo mna Wajita na Wakwaya wa ufukweni, Wazanaki, Waikizu, Wangoreme, Wakurya, Wajaluo, Wasukuma na wengineo, na mji wa Musoma umekusanya wa kila pembe. Katika hao, ni nani aliyepigwa picha ya kinywa? Ni yule aliyeumwa, akapata nauli, akapata siku ya kuacha kazi, na akafika mahali penye mashine. Mvuvi wa dagaa aliyekesha ziwani na taa yake, akalala mchana, akanunua dawa ya maumivu dukani, hayumo. Mchungaji wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na Serengeti hayumo. Mama aliyeng'olewa jino pasipo picha hayumo. Na yule ambaye jino lake limekwama likanyamaza, ambaye ndiye hasa tuliyemtaka, hayumo, kwa kuwa hakuna kilichompeleka.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila picha 100 zilizohifadhiwa 40 zina jino lililokwama. Mchunguzi akiandika kuwa arobaini katika mia ya wagonjwa waliopigwa picha wana jino hilo, amesema kweli. Akiandika kuwa arobaini katika mia ya watu wa Mara wanalo, amesema uongo kwa tarakimu za kweli. Tena kijana wa miaka 15 ambaye gego lake lingali likiumbwa hajakwama. Jino ambalo halijafika haliwezi kuitwa lililozuiwa, na anayemtia katika hesabu huzidisha maradhi yasiyokuwepo. Tena aliyeng'olewa gego zamani huonekana kama hakuwa nalo, na anayemhesabu hivyo hupunguza maradhi yaliyokuwepo. Makosa haya si ya kalamu tu. Kwa hesabu hizo serikali hugawanya waganga na mashine. Kwa hesabu hizo wanafunzi wa kesho hufundishwa kwamba watu fulani wana mataya mafupi. Kumsingizia mtu mmoja ni dhambi ijulikanayo. Kusingizia mkoa mzima kwa jedwali huitwa elimu.

Hapa yupo atakayepinga kwa hoja yenye uzito. Atasema: majina yamefutwa, hakuna ajuaye kivuli hiki ni cha nani, basi nani anayedhurika, na haki gani inayodaiwa? Kivuli kisicho na jina si cha mtu. Mimi namjibu kuwa jina la mtu likifutwa, jina la watu hubaki. Kitabu kitasema Musoma, Bunda, Butiama. Kitasema Waafrika wa Mara. Na hesabu husafiri mbali kuliko mtu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Uingereza ilianza kutumia kanuni zinazoruhusu eksirei ya magego ya mwisho iwe mojawapo ya njia za kukadiria umri wa wageni vijana waombao hifadhi, na chama cha waganga wa meno wa nchi hiyo kilipinga, kikisema kwamba jino si shahidi wa kutegemewa katika jambo hilo. Kijana wa Afrika aliyefika huko bila ya hati aweza kufunguliwa kinywa, na kivuli chake kikalinganishwa na vivuli vya wengine. Vivuli hivyo vya kulinganisha hutoka wapi? Hutoka katika tafiti kama hii tunayoizungumza. Mkulima wa Butiama aliyepigwa picha kwa maumivu ya shavu aweza, bila ya kujua, kuwa kipimo cha kumtoa au kumkubali mtoto wa mwenzake katika nchi asiyopata kuiona.

Je, hoja hii haipingani na ile niliyoitoa kwanza, kwamba asiyehesabiwa hupimwa kwa hesabu ya wengine? Haipingani, zote mbili ni kweli, na ukweli wao kwa pamoja ndio uzito wa jambo hili. Tusipohesabu, kijana wetu atapimwa kwa taya la Kanada. Tukihesabu vibaya, atapimwa kwa uongo wenye jina letu. Tukihesabu vyema lakini tukaiachia hesabu bila ya kusema mipaka yake, atapimwa kwa kweli iliyotumiwa pasipostahili. Mwenye kushika amana hasemi kwamba kazi yake imekwisha alipofunga sanduku. Huandika juu yake kilichomo, kilichokosekana, na kisichoruhusiwa kufanywa nacho. Mtafiti mwema huandika wazi kuwa meno haya yaonyesha mahali palipo na maradhi, hayaonyeshi siku ya kuzaliwa.

Sharti la nne ni marejeo. Faida irudi kwa aliyeitoa. Si lazima irudi kwa fedha. Mara nyingi hurudi kwa habari na kwa huduma. Mtu ambaye picha yake imeonyesha uvimbe ulao mfupa na aambiwe mapema, na aelekezwe pa kwenda, iwe Musoma au Bugando huko Mwanza. Maana kumhesabu mgonjwa na kumwacha ni kumgeuza mtu kuwa tarakimu huku ungali wamwona. Lakini habari nayo itolewe kwa kiasi. Watu husema kuwa dawa ya jino ni kung'oa. Walakini mwaka 2000 taasisi ya Uingereza ishaurio juu ya matibabu ilielekeza kwamba gego lililokwama bila ya maradhi lisiondolewe kwa kuwa tu limekwama. Mwenye jino lililonyamaza aambiwe kwamba analo, aambiwe dalili za kuangalia, wala asitiwe hofu ya kuuza mbuzi wake apasuliwe taya zima. Na matokeo ya utafiti yasiishie katika majarida ya lugha ya kigeni yanayosomwa mbali. Yasomwe Musoma mbele ya wauguzi, Bunda mbele ya waalimu, Butiama mbele ya wazee, kwa Kiswahili, na waulizwe: je, mmejiona humu? Siku mmoja wao atakaposema la, sisi wa ziwani hatumo, hapo utafiti utakuwa umepata mkaguzi bora kuliko wote.

Nimesema kwamba jino hili huota wakati mtu afikiapo umri wa kuulizwa. Maumbile yameweka pamoja mambo mawili ambayo elimu hupenda kuyatenga: gego la mwisho, na haki ya kusema ndiyo au la. Anayetaka kulijua la kwanza hana budi kuliheshimu la pili. Jino la pembe si dawa ya pengo, na hesabu nzuri iliyopatikana kwa kumpita mwenye kinywa ni jino la pembe: yang'aa, lakini haitafuni. Mtu hupungukiwa kidogo akitazamwa ndani. Hupungukiwa zaidi akitazamwa asiambiwe kilichoonekana.